Viungo Vinapokakamaa: Baridi Yabisi Yetu na Upepo wa Wachina

Mgonjwa anayeingia kliniki na kusema, "Daktari, nina baridi yabisi," huwa ameshatoa nadharia nzima ya ugonjwa bila mwenyewe kujua. Baridi ni baridi, na yabisi ni ukavu. Maneno hayo tuliyapokea kutoka Kiarabu pamoja na elimu ya tiba ya kale iliyopanga miili, vyakula na maradhi kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Elimu yenyewe wengi wameisahau, jina limebaki. Ndiyo maana bibi akiamka magoti yamekaza hulaumu sakafu ya saruji kabla hajalaumu umri.

Wachina nao walilaumu hali ya hewa. *Huangdi Neijing*, mkusanyo wa maandiko ya tiba wenye umri wa miaka ipatayo 2,000, una sura nzima juu ya maradhi yaitwayo *bi*, neno lenye maana ya kuziba. Sura hiyo inaeleza kwamba upepo, baridi na unyevu vikija pamoja na kuchanganyika mwilini, huzaa *bi*. Hadi leo Mchina wa kawaida huyaita maradhi ya viungo *fengshi*, yaani upepo na unyevu, na hospitalini kwao neno hilohilo limeandikwa kwenye mlango wa idara inayohusika. Tazama tunapoachana: sisi tunasema ukavu, wao wanasema unyevu. Baridi ndiyo peke yake tunayokubaliana.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama tiba ya Kichina inaponya baridi yabisi. Kulijibu kwa ndiyo au hapana ni kumpotosha muulizaji, kwa sababu baridi yabisi ni jina la gunia. Ndani yake mna jongo, mna kulika kwa gegedu, yaani mto laini wa ncha za mifupa, kunakokuja na umri, mna rumatoidi ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwili wenyewe, mna lupasi iliyo ndugu yake, na mna chikungunya, homa ya virusi iletwayo na mbu. Hilo la mwisho ni neno letu kabisa: limetoka katika Kimakonde, likimaanisha mtu aliyejikunja kwa maumivu, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika. Homa yake hupita kwa siku chache, lakini viungo vinaweza kukaza kwa miezi.

Kuhusu gunia hilo, ninachokithamini zaidi katika tiba ya Kichina ni maswali yake. Daktari aliyefundishwa vizuri hakuulizi tu "wapi panauma?" Anataka kujua kama maumivu yanahama, leo kiwiko na keshokutwa goti, hayo huyahesabu kuwa ya upepo, maana upepo hautulii. Kama yametulia mahali pamoja, ni makali, na yanapoa ukiweka kitambaa cha moto, anasema baridi imetawala. Kiungo kikiwa kizito, kimevimba, kinakokotwa kama mguu uliotoka matopeni, na hali ikazidi siku za mvua, huo ni unyevu. Kikiwa chekundu na cha moto hata kukigusa huwezi, ni *bi* ya joto, na tiba inageuka kabisa: hapo hakuna kuchua kwa mafuta ya moto wala kufukiza. Kisha atatazama ulimi, atashika mapigo ya mikono yote miwili, na atauliza usingizi, choo na jasho.

Ukiyaweka maswali hayo pembeni ya yale tunayouliza sisi wa hospitali, utaona yanakaribiana kuliko unavyodhani. Nasi tunataka kujua kama kiungo ni kimoja au vingi, kama kimevimba, kama kina joto, na kama kukaza kwa asubuhi kunaachia haraka. Hilo la asubuhi lina uzito wa pekee. Goti lililolika kwa umri hukaza baada ya kutulia, lakini ukitembea hadi jikoni na kurudi linaanza kulegea. Kwa kawaida hali hiyo haizidi nusu saa. Kiungo kina maji ya ulainishaji, nacho kinahitaji mwendo ili maji hayo yasambae. Vidole vya mwenye rumatoidi vinaweza kugoma kufunga vifungo vya shati kwa saa nzima au zaidi, kwa sababu kemikali za uvimbe hupanda alfajiri wakati homoni ya mwili inayozizuia bado iko chini. Kwa hiyo ukija kliniki, usije na jibu la "asubuhi nakaza tu." Njoo na dakika.

Sasa turudi kwenye kuziba. Katika fikra za Kichina, damu na *qi*, nguvu inayoendesha uhai, hupita mwilini katika njia kama maji mferejini. Wana msemo wa karne nyingi: pasipopita pana maumivu, panapopita hapana. Kwa Kichina unapendeza zaidi, kwa kuwa "kupita" na "maumivu" yote mawili ni *tong*, yakitofautishwa na toni tu. Njia hizo hazijapatikana kwa darubini wala kwa kisu cha mpasuaji, na sioni sababu ya kujifanya zimepatikana. Ni ramani ya kufikiria, iliyochorwa na watu waliokuwa wakiangalia wagonjwa kwa makini bila kuwa na eksirei.

Mahali pa kuwa mwangalifu ni majina ya ogani. Tiba hii inafundisha kuwa ini linatawala kano na figo zinatawala mifupa, hivyo mzee ambaye kiuno na magoti yamekaza huambiwa figo zake zimedhoofika. Nimepokea watu waliokuja mbio kupima figo baada ya kuambiwa hivyo, wamekosa usingizi wiki nzima, na vipimo vyote vikatoka salama. "Figo" ya Mchina ni jina la kundi la kazi za mwili zinazohusu kukua, kuzaa na kuzeeka. Si ile anayoipima fundi wa maabara. Ukisikia lugha hiyo, usiogope, na pia usikimbilie kununua dawa ya figo.

Je, hali ya hewa inahusika kweli? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliwafuatilia watu zaidi ya 2,600 wenye maumivu ya kudumu kwa njia ya simu zao, wakalinganisha maumivu ya kila siku na hali ya hewa ya mahali alipo mtu. Matokeo yaliyotoka 2019 yalionyesha kuwa siku zenye unyevu mwingi, upepo mkali na mgandamizo wa hewa ulioshuka zilikuwa na maumivu zaidi, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Halijoto peke yake haikuonyesha uhusiano wa maana. Kwa maneno mengine, kati ya watuhumiwa watatu wa Wachina, wawili walikutwa eneo la tukio, na yule ambaye sisi tumemweka kwenye jina la ugonjwa ndiye aliyeachiwa. Siku za kusi na masika wagonjwa wangu wa pwani hawanisadiki ninapowaambia hivyo.

Matibabu ya Kichina ni mengi: sindano nyembamba zisizo na dawa zinazochomwa kwenye vituo maalumu vya mwili, kuchua kwa *tuina*, kufukiza sehemu kwa majani ya moksa yaliyosagwa na kuviringwa kama sigara kubwa, kuumika, yaani kuivuta ngozi kwa kikombe au pembe, mitishamba ya kuchemsha, na mazoezi. Kuumika si kigeni kwetu. Babu zetu waliumika kwa pembe iitwayo chuku, na kutoka hapo ndipo tulipopata "kupiga chuku", kuvuta jambo dogo hadi livimbe. Matangazo mengi ya dawa za viungo mitandaoni yangefaa kupewa jina hilo.

Kwenye sindano, utafiti ninaoutaja mara nyingi ulifanyika Ujerumani, ukachapishwa 2006. Wagonjwa wapatao 1,000 wenye magoti yaliyolika waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walichomwa kwenye vituo vya mwili vinavyofundishwa na Wachina, wa pili walichomwa juujuu mahali pasipo vituo, wa tatu walipata miadi ya daktari na vidonge vya maumivu. Baada ya wiki 26, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 53 katika kundi la kwanza, 51 katika la pili, na 29 katika la tatu. Soma namba hizo polepole. Waliochomwa walinufaika kuliko wasiochomwa, lakini mahali pa kuchoma hapakuleta tofauti. Muda wa kulala kimya, mtu anayekusikiliza, na matumaini, vyote vimo ndani ya ile 53. Ndiyo sababu wataalamu wamegawanyika: mwongozo wa taifa wa Uingereza wa 2022 unasema sindano zisitolewe kwa kulika kwa gegedu, ilhali chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kinaziruhusu kwa tahadhari. Mimi simkatazi mgonjwa wa goti lililolika kwenda, mradi sindano ni za kutumika mara moja, hanywi dawa za kuzuia damu kuganda bila kumjulisha mtoa huduma, na haachi dawa zake.

Ambapo sina shaka ni tai chi, yale mazoezi ya polepole ambayo wazee wa China hufanya bustanini alfajiri. Boston, Marekani, watu 204 wenye magoti mabovu waligawanywa, wengine tai chi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, wengine tiba ya viungo ya kawaida. Ripoti ya 2016 ilionyesha makundi yote mawili yalipata nafuu iliyolingana. Huna mwalimu wa tai chi mtaani? Simama nyuma ya kiti imara, shika mgongo wake, kunja magoti kidogo, hamisha uzito taratibu kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto huku ukipumua bila kujibana. Dakika kumi, kila siku. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti linapunguziwa mzigo.

Mitishamba ndiyo inayoninyima usingizi. Wachina wana mchanganyiko maarufu wa viungo vya wazee, *Duhuo Jisheng Tang*, ulioandikwa na tabibu Sun Simiao katika karne ya 7. Una dawa 15, zikiwemo mdalasini, susu na ginsengi, na mzizi uitwao *niuxi*, goti la ng'ombe, kwa kuwa vifundo vya shina lake vimefanana na goti. Majina ni matamu. Lakini katika familia hiyohiyo ya dawa za viungo mna mizizi ya akoniti, inayotumika kwa *bi* ya baridi, ambayo lazima ichemshwe muda mrefu ili sumu ipungue. Ikiharakishwa huvuruga mapigo ya moyo na huua. Mna *leigong teng*, mtambaazi ambao utafiti wa China wa 2014 uliukuta ukiisaidia rumatoidi kwa kiwango cha kulingana na methotreksati, dawa ya hospitalini ya rumatoidi, na ambao pia husimamisha hedhi na kupunguza mbegu za kiume.

Na mna kisa cha Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene Brussels walipewa vidonge vilivyotakiwa kuwa na *fangji*, mmea ambao Wachina huutumia kuondoa upepo na unyevu kwenye viungo. Kilichowekwa kilikuwa mmea mwingine wenye jina linalokaribiana, uliobeba asidi ya aristoloki. Watu zaidi ya 100 waliharibikiwa figo, figo halisi hizi, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Silabi moja ya jina ilitosha.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani. Dawa "ya asili" inayoondoa kukakamaa kwa siku mbili, kiasi cha mzee kutaka kucheza, mara nyingi imechanganywa kwa siri na steroidi, dawa zinazoiga homoni ya mwili ya kuzuia uvimbe, au diklofenaki. Uso unavimba, sukari na presha vinapanda, tumbo linatoka damu. Na ukiiacha ghafla baada ya miezi, mwili unaweza kuanguka kwa kuwa umeshasahau kutengeneza homoni yake. Aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiiache kimyakimya, aje hospitali.

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, cha moto, pamoja na homa, si cha sindano wala cha moksa. Huenda kina usaha, na gegedu linaweza kuharibika ndani ya siku chache. Nenda siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtoto anayechechemea bila kuumia, mwenye selimundu aliyeanza maumivu makali, na yeyote ambaye kukaza kumekuja pamoja na kukonda au miguu kufa ganzi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia nyayoni asifukizwe miguuni. Wameungua watu bila kusikia.

Kwa wengine, ambao ni goti la umri tu, kuna kituo kimoja unachoweza kukijaribu ukiwa umekaa kibarazani. Kinaitwa *Zusanli*. Tafuta kishimo cha nje chini ya kifupa cha goti, Wachina hukiita jicho la goti. Weka vidole vinne vya mkono wako kuanzia hapo kwenda chini, kisha sogea upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa mfupa wa muundi. Vipimo vyao ni vya mwili wa mgonjwa mwenyewe, ndiyo maana tumia mkono wako, usiombe wa jirani. Bonyeza kwa dole gumba dakika mbili tatu kila mguu, halafu inuka utembee. Na siku ya miadi, kama kuna mitishamba unayokunywa, iweke kwenye mkoba pamoja na karatasi yake, hata kama maandishi yote ni ya Kichina.