Ng'ombe kachanjwa, ndama kafa: maswali ninayoulizwa zizini

Ng'ombe wangu ana mimba ya miezi 8. Achanjwe?
Chanjo ipi? Ya kuzuia ndama kuhara, ndiyo: nyingi hudungwa kwa mama kati ya wiki 12 na wiki 3 kabla ya kuzaa. Lakini S19 ya ugonjwa wa kutupa mimba ni ya ndama jike wa miezi 4 hadi 8. Ukimdunga mwenye mimba, anaweza kuitupa. Mtajie daktari umri wa mimba kabla hajavuta dawa kwenye sindano.

Kwa nini achanjwe mama, si ndama?
Kinga ya ng'ombe haipiti kwenye kondo. Ndama huzaliwa hana kitu. Kinga yote iko kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa.

Si lazima kondo la nyuma litoke kwanza ndipo ndama anyonye?
Hapana. Nimeshalijibu hili hadi sauti imekauka: hapana! Utumbo wa ndama hupokea kinga kwa muda mfupi tu. Baada ya saa 6 uwezo umeshapungua sana. Baada ya saa 24 umekwisha. Kondo lenyewe laweza kuchukua saa 12 kutoka. Unasubiri nini? Ndama wa kilo 40 apate lita 4 siku hiyo, na nyingi kati ya hizo ndani ya saa 2 za kwanza. Tena kunyonya huamsha homoni inayokaza mji wa mimba, kwa hiyo humsaidia mama kulitoa hilo kondo.

Dang'a si chafu? Ni nzito, ya njano.
Si chafu. Wanaoikamua na kuimwaga wanamwaga chanjo waliyoilipia.

Kondo lisipotoka?
Saa 12 zikipita, mpigie daktari. Usilivute. Usilifungie jiwe, tafadhali. Mawe hayo nimeyafungua mwenyewe.

Chanjo itazuia homa ya maziwa?
Hapana, hiyo ni kalisi kupungua kwenye damu. Akizaa kisha akalala shingo imepinda ubavuni, ita daktari usiku huo huo.

Nilimchanja mama, ndama akahara akafa. Chanjo ilikuwa feki?
Huenda ilikaa nje ya baridi. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Ila mimi huanza kwa kuuliza ndama alinyonya saa ngapi. Wa mwisho kuniuliza alisema mama alizaa alfajiri, na ndama aliachiwa titi jioni, kondo lilipodondoka.