Tairi kipara ndani ya tanuri la saruji

Tairi likishaota kipara, huku kwetu safari yake huwa haijaisha. Likiwa na bahati hukatwa likawa makatambuga (Kenya watakwambia akala), au huzikwa nusu pembeni mwa uwanja likawa uzio. Yanayobaki hurundikwa nyuma ya gereji. Mvua inanyesha, maji yanatuama ndani yake, na mbu aenezaye dengi anapata nyumba ya bure. Kisha wapo wanaoyatia kiberiti: moshi mweusi tii, masizi kwenye nguo zilizoanikwa mtaa wa pili, na asubuhi unabaki msokoto wa waya kwenye majivu.

Ndiyo maana mtu akisikia kuwa kiwanda cha saruji kinachoma matairi, moja kwa moja anauona ule moshi. Lakini tanuri la saruji na moto wa barabarani ni vitu viwili vilivyo mbali sana.

Tuanze na tanuri lenyewe. Saruji hutokana na klinka, vigololi vya kijivu vinavyopatikana kwa kuoka mawe ya chokaa pamoja na udongo na madini kidogo ya chuma. Klinka ikipoa husagwa na jasi, ikawa ule unga wa kwenye mfuko. Kuioka ndiyo kazi: tanuri ni bomba refu la chuma lililolazwa kwa mwinamo, linazunguka taratibu usiku na mchana, na mchanganyiko ulio ndani lazima ufike nyuzi 1,450 hivi za selsiasi. Mwali wenyewe hukaribia 2,000. Hata tanuri la kisasa hula kiasi cha kilo 120 za makaa ya mawe kwa kila tani moja ya klinka. Nishati ni miongoni mwa gharama kubwa kabisa za kiwanda, na hapo ndipo tairi linapoanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Tairi ni mafuta yaliyogandishwa, tukisema kwa lugha ya mtaani. Mpira wa kutengenezwa na masizi yanayolipa weusi wake vyote vimetoka kwenye mafuta ghafi, hivyo kilo moja ya tairi hutoa joto sawa na kilo ya makaa mazuri ya mawe, mara nyingi hata zaidi kidogo. Tairi la gari dogo likichakaa huwa na kilo tisa au kumi. Kutumia matairi kama nishati ya saruji, basi, ni kuyaingiza katika tanuri hilo yachukue nafasi ya sehemu ya makaa, mafuta mazito au gesi. Mengine huingia mazima, moja moja, kupitia milango miwili inayofunguka kwa zamu ili hewa ya nje isipenye; mengine hukatwa vipande kwanza.

Ila kinachonivutia mimi ni majivu zaidi ya joto. Ukichoma kitu chochote, kinabaki kitu cha kwenda kutupa. Humu hakibaki. Zile nyuzi za chuma zilizomo ndani ya tairi huungua na kuwa oksidi ya chuma, na klinka ilikuwa inahitaji chuma hata hivyo, kwa hiyo kiwanda hupunguza madini ya chuma kwenye mchanganyiko wake. Salfa nyingi hunaswa na chokaa. Tairi linakuwa kuni na kiungo kwa wakati mmoja, kama vile jiko lingekula kuni na majivu yake yakaingia kwenye mchuzi bila mtu kulalamika.

Na moshi je? Moshi mweusi ni dalili ya moto wenye joto dogo na hewa haba. Ndani ya tanuri gesi hukaa sekunde kadhaa kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000, na hewa ikitosha, masizi huungua yenyewe. Hilo neno "ikitosha" ndilo la kushika. Matairi yakijazwa kupita kiasi, hewa hupungua, monoksidi ya kaboni hupanda, na salfa huanza kuganda na kuziba njia za gesi. Zinki ya kwenye mpira nayo ikizidi huchelewesha saruji kushika. Kwa hiyo matairi huwa sehemu tu ya nishati yote, na kiwanda kisichopima kinachotoka kwenye bomba lake la moshi hakina haki ya kuwaambia majirani watulie.

Ujerumani walianza mtindo huu miaka ya 1970. Amerika ya Kaskazini walisukumwa zaidi na hofu: Februari 1990 rundo la matairi yapatayo milioni 14 lilishika moto Hagersville, Ontario, nchini Kanada, likawaka siku 17. Marekani, mwaka 2003, matairi milioni 130 kati ya yale milioni 290 yaliyotupwa yaligeuzwa nishati, na viwanda vya saruji vilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa. Kwetu, kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kimewahi kuchanganya matairi chakavu kwenye nishati yake, na Hima kule Kasese, Uganda, kilitumia maganda ya kahawa kwa wazo hilohilo. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, wana gesi asilia ya Songo Songo inayofika kwa bomba, na hesabu yao ni tofauti.

Tusilipambe kupita kiasi. Zaidi ya nusu ya kaboni dayoksidi ya saruji hutoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika kwa joto, na kubadilisha kuni hakuligusi hilo. Tairi linaloweza kuvalishwa kashata mpya (ule mpira wa juu wenye mifereji) likarudi barabarani, na lirudi.

Wala isichukuliwe kuwa ruhusa kwa wachoma matofali. Tanuri la tofali huwashwa likiwa baridi, hewa yake hubahatishwa, moto hauna joto hilo, na hakuna klinka ya kumeza majivu. Waya utaukuta palepale asubuhi.