Dawa ya kukojosha, maruweruwe na jagi la maji

"Bibi anaona watu ukutani. Dawa ya kukojosha imemkausha, mpeni maji mengi."

Jagi hilo ndilo linalomzidishia. Dawa za jamii ya thayazidi, kama haidroklorothayazidi na bendroflumethayazidi wanazopewa wengi wenye presha, zinaifanya figo ishindwe kutoa mkojo mwepesi: chumvi inatoka, maji yanabaki. Kila bilauri unayomwongezea inazimua damu zaidi. Sodiamu, yaani chumvi ya damu, ambayo kawaida yake ni 135 hadi 145 mmol/L, inashuka, maji yanaingia kwenye seli za ubongo, nazo zinavimba. Huanza na kichefuchefu, kichwa kuuma na kuyumba. Chini ya 125 mtu aweza kuchanganyikiwa na kuona wasiokuwepo. Chini ya 120 degedege haiko mbali. Ikishuka kwa kasi, dalili huwahi zaidi.

Anayepatwa sana ni mama mzee mwembamba, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kuanza dawa. Akiwa anatumia pia fluoksetini (dawa ya sonona) au kabamazepini (dawa ya kifafa), hatari inaongezeka. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo apimwe elektrolaiti (chumvi za damu kama sodiamu na potasiamu), sukari na malaria. Na msimkorogee chumvi nyumbani! Sodiamu ikipandishwa zaidi ya 8 hadi 10 mmol/L kwa saa 24, ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. Kama ametapika au kuharisha, huenda kweli amepungukiwa maji, ila drip ya kumfaa itaamuliwa na kipimo, si kwa kumtazama midomo.

"Ni majini", au "ni uzee tu." Kuchanganyikiwa kulikoanza juzi, kunakozidi usiku na kupungua asubuhi, kuna chanzo mwilini. Uzee hauingii kwa siku tatu.

"Basi aache dawa zote." Thayazidi pekee ndiyo ya kusitisha wakati mnaelekea hospitali. Mwenye moyo ulioshindwa akiachishwa Lasix (furosemaidi, dawa ya kukojosha isiyo ya jamii ya thayazidi) kienyeji, maji yanajaa mapafuni.

"Lasix haina shida hiyo." Sodiamu haiishushi mara nyingi kama thayazidi, lakini inamwaga potasiamu. Kwa anayemeza digoksini, dawa ya moyo, hapo sumu ya digoksini inakaribishwa: anaona rangi ya manjano, kisha maruweruwe. Kwa mwenye ini lililosinyaa, potasiamu ikipungua amonia, taka yenye sumu kwa ubongo, inapanda na akili inavurugika.

Anayeanza thayazidi apimwe sodiamu kabla, kisha tena baada ya wiki moja au mbili. Mkienda kliniki, bebeni pakiti za dawa zote, hata zile za dukani.