Nani yumo kwenye rejista ya darasa la awali?

Kila Januari naulizwa swali lilelile: mmeandikisha wangapi? Mimi nafundisha darasa la awali katika shule ndogo ya serikali hapa Dodoma, na swali ninalolijali zaidi ni nani kabaki nyumbani.

Mji huu umejaa upesi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.08 mkoa mzima. Ya 2022 ikahesabu milioni 3.09. Kwa hiyo kwenye mkeka mmoja anakaa mtoto wa mkulima wa Kigogo, wa mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam, wa fundi ujenzi wa Kirangi kutoka Kondoa, na mwaka mwingine mtoto wa mfugaji wa Kimasai.

Ada ilifutwa tangu 2016, na watoto wakamiminika. Lakini sare, madaftari na mchango wa uji bado vinamsumbua mzazi. Isitoshe, shule hufunguliwa wakati wa kilimo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na familia nyingine huhamia shambani na watoto wao. Jina lipo kwenye rejista, mtoto haonekani. Ndiyo maana sikai mezani kungoja wazazi: napita kaya kwa kaya na mwenyekiti wa mtaa. Huko ndiko utamkuta mtoto mwenye ulemavu ambaye hakuna aliyefikiria kumwandikisha.

Kisha kuna lugha. Mtoto anayejua Kigogo tu hukaa kimya wiki za mwanzo, na watu wepesi wa kuhukumu humwita mzito. Mwekee vizibo vya soda mbele yake uone: anavipanga kwa rangi, anavihesabu kwa Kigogo hadi kumi bila kukosea. Hesabu anayo tayari! Namkalisha na mwenzake anayezijua lugha zote mbili, na asubuhi darasa zima tunaamkiana “Mbukwenyi”. Watoto wa watumishi huipenda sana salamu hiyo.

Kazi hii inataka darasa la kiasi. Mwongozo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wakizidi sana, yule mkimya ndiye wa kwanza kusahaulika.

Mzazi mwenye mtoto anayetimiza miaka mitano, njoo mapema, kabla ya Desemba. Cheti cha kuzaliwa kama hakijatoka, njoo na kadi ya kliniki. Na tuambie anaongea lugha gani nyumbani, anasikiaje, anaonaje.