"Lakini jana tulipita hapa saa nne": dhana potofu kuhusu matembezi ya miguu pwani ya Kwale

Kazi yangu ni kutembeza watu kwa miguu: ufuo wa Galu na Diani hadi Tiwi, msitu wa Kinondo, mikoko ya Gazi, na kule juu Shimba Hills. Wageni wangu wengi ni Wakenya wenzangu kutoka bara, watu wasomi, watu wa mipango. Wanakuja na kofia, chupa za maji na ratiba iliyopangwa kwa dakika. Ratiba hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa kuwa huwa wameipanga bila kuishirikisha bahari. Wiki hii nimeambiwa tena, na mzee aliyebeba mjukuu mabegani, kwamba mimi ni mwoga na maji "hutoka asubuhi na kurudi jioni". Basi tuanzie hapo, na nitakaa hapo kidogo.

"Maji hutoka asubuhi, hurudi jioni"

Hapana. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Tena hiyo siku ya bahari si ya saa 24. Bahari hufuata mwezi, na mwezi huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Maji yaliyokupwa leo saa nne asubuhi, kesho yatakupwa karibu na saa tano, keshokutwa karibu na saa sita. Mgeni akifika Jumamosi akakuta mchanga mpana saa nne, anadhani amepewa saa ya kudumu. Wiki moja baadaye, saa nne ile ile, mahali pale pale, maji yako kifuani.

Wala sitii chumvi. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata. Katika siku hizo, pwani hii yote kuanzia Mombasa kuja huku, maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mwendo wa saa nne au saa tano, mchana na usiku. Mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu na saa zinageuka: saa nne asubuhi ndipo bahari ilipojaa, na inakupwa jioni. Ndiyo maana wavuvi hawahesabu siku za kazi kwa kalenda ya ukutani. Wanahesabu mwezi mwandamo. Ukimwambia mvuvi wa Diani leo ni mwezi kumi na sita, yaani siku ya kumi na sita tangu uandame, hahitaji kutazama bahari ndipo akwambie mwamba utaonekana saa ngapi.

Kuna wanaojua habari ya saa lakini hawajui habari ya kiasi. Wanadhani kupwa ni kupwa. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu ni kama mita 1 tu. Kwa hiyo mtu anaweza kuja saa hasa ya kupwa, katika maji mafu, akakaa kwenye mawe ya Tiwi akisubiri njia ifunguke. Haifunguki. Kwa siku hiyo maji yamekwisha kutoka yote yanayotoka. Bamvua kubwa kuliko yote huwa Machi na Septemba, na ukitaka kuona mwamba wote ukiwa wazi, njoo miezi hiyo. Lakini jua kwamba maji yanayokupwa sana ndiyo hayo hayo yanayojaa sana.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniumiza kichwa zaidi: imani kwamba utayaona maji yakirudi, na kwamba ukiyaona utakuwa na muda. "Tutayaona, si tuna macho?"

Ufuo wa Diani haukuinama sawasawa kutoka mchangani hadi mwambani. Mwamba uko mbali, na kati yake na ufuo kuna bonde la maji. Katikati ya bonde hilo kuna mafungu ya mchanga yanayojitokeza maji yakikupwa, meupe, yanayovutia, mazuri kwa picha. Watu huyafuata. Maji yanapoanza kujaa hayasubiri kuupanda mwamba kwa mbele ili wewe uyaone. Yanapita kwenye milango ya mwamba, yanajaza bonde kwanza, na bonde liko nyuma yako. Wewe umesimama kwenye fungu kavu, unatazama kilindini, unaona mawimbi yako kule kule yalikokuwa. Ukigeuka, pale ulipopita kwa maji ya kifundo sasa ni maji ya paja, na yana mkondo.

Kasi nayo huwadanganya. Maji hayaingii kwa mwendo mmoja. Gawanya kina chote sehemu 12: saa ya kwanza huingia sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Yaani nusu ya bahari huingia katika saa mbili za katikati. Kwa bamvua la mita 3.2, saa ya tatu peke yake huongeza sentimita 80. Mgeni ambaye ametazama saa ya kwanza yote akaona maji yamepanda kwa kiganja anajiona amekwisha kuielewa bahari. Mpe saa nyingine mbili.

Njia inayowaponza wengi ni ile ya Diani kwenda Tiwi, kwa kuvuka mlango wa Mto Mwachema pale penye msikiti wa kale wa Kongo. Ni njia nzuri, siikatai, na mwenyewe naipenda kuliko zote: msikiti chini ya mibuyu, kisha upande wa Tiwi majabali ya matumbawe, vihori vidogo vya mchanga, na yale mabwawa ya mwambani, mojawapo lina umbo la bara letu na watu wameliita Africa Pool. Mabwawa hayo yanafikika kwa maji kupwa tu. Na kuvuka mto ni kwa maji kupwa tu. Ukichelewa huko ng'ambo, upande mmoja una jabali na upande mwingine bahari, na mto uliouvuka kwa maji ya goti umekuwa kitu kingine. Mvua za masika, Aprili na Mei, huharibu hesabu kabisa, maana mto unashuka huku bahari inapanda, na hapo hata jedwali la maji, lile la saa na vimo vya kujaa na kupwa, halikusaidii.

Kanuni yangu ni moja na sibishani nayo: ondoka saa mbili kabla ya kupwa kabisa, na saa ya kupwa kabisa ndiyo saa ya kugeuka. Si saa ya kufika, wala ya kufungua chakula. Watu wanafanya kinyume. Wanasubiri maji yatoke yote ndipo waanze safari, kwa hiyo kila hatua wanayopiga kwenda mbele, bahari nayo inapiga yake kurudi. Kwa Tiwi sitoki kama jedwali linaonyesha kwamba hata maji yakikupwa kabisa kimo chake kitabaki juu ya mita 0.6. Jedwali la Kilindini, bandari ya Mombasa, linatosha kwa Diani, tofauti ni ya dakika chache. Halmashauri ya bandari hulitoa kila mwaka, na programu za simu zipo tele. Na kama huna simu wala jedwali, watazame wanaochokoa pweza mwambani. Wakianza kurudi, hujaulizwa maoni.

Upepo hauna neno katika hili, maana nalo nalisikia: "Leo bahari imetulia, haitajaa." Bahari tulivu hujaa sawasawa na bahari chafu. Upepo unakuhusu kwa jambo jingine: wakati wa kusi anza kusini uelekee kaskazini, Galu kuja Kongo, wakati wa kaskazi fanya kinyume. Kutembea kilomita kumi huku mchanga unakuchapa usoni ni adhabu ya kujitakia.

"Ufuo huu ni wa hoteli"

Si wa hoteli. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mlinzi anaweza kukuzuia kukatiza bustani ya mwajiri wake, na hapo ana haki. Tumia njia za umma za kushukia ufuoni. Akikwambia usipite mchangani mbele ya viti vyake, mwamkie vizuri kisha endelea na safari. Ila kumbuka kwamba wakati wa bamvua, maji yakijaa, kuna sehemu za Diani ambapo bahari hugonga kuta za hoteli na ardhi yako ya umma iko chini ya maji. Haki unayo, njia huna.

"Mchanga ni mlaini, tutatembea peku"

Mchanga ni mlaini hadi unapokwisha. Ukifika kwenye mwamba kuna matumbawe yanayokata kama wembe, kuna wale wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyama, kuna samaki wenye sumu wanaojifanya jiwe, na taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, waliojifukia mchangani. Kandambili hazifai, zinabaki kwenye tope. Ndala za bei ghali hazifai pia, kwa sababu ile ile. Vaa raba kuukuu zenye kamba, zile ulizotaka kumpa mtu. Ndani ya maji burura miguu badala ya kuinyanyua, taa akihisi unakuja atakupisha mwenyewe.

Na akikuchoma, tafadhali, usikojolewe. Sijui nani aliwafundisha watu jambo hili lakini alifanya kazi nzuri, kila kikundi kina mmoja aliye tayari kujitolea. Kinachosaidia kwa sumu ya taa na ya samaki hao ni maji ya moto, kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, mguu ukae humo nusu saa au zaidi, huku mnatafuta gari la kwenda hospitali.

"Nakishika kidogo tu kwa picha"

Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, hupumua ndani ya maji. Kumtoa, kumweka kiganjani, kumpitisha kwa watoto watano na kumpanga mchangani na wenzake watatu ili picha ipendeze ni kumuua taratibu. Mpige picha akiwa majini. Maji yenyewe ni maangavu. Makombe na matumbawe nayo yaache. Diani hadi Chale ni hifadhi ya bahari tangu 1995, na mkaguzi akikukuta nayo kwenye begi uwanja wa ndege, usinipigie mimi.

"Kaya ni msitu wa wachawi"

Wengine husema kinyume chake, kwamba ni msitu tu kama misitu mingine, na sijui ni kauli ipi inawaudhi wazee zaidi. Kaya Kinondo ni mahali pa ibada na makaburi ya Wadigo, na ni mojawapo ya makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Utafungwa kaniki nyeusi, utaongozwa na mtu wa pale, hutachuma wala kuokota kitu. Msitu wenyewe ni wa hekta 30 hivi, matembezi si marefu, na ni kivuli kitupu. Ndiyo njia ninayowapeleka watu siku bahari inapowanyima ya kwao.

"Mikoko ni tope linalonuka"

Linanuka, kweli, kama yai bovu. Ni majani yanayooza mahali pasipo hewa. Gazi kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope, inaendeshwa na akina mama wa kijiji, kwa hiyo hata viatu vyako havitachafuka. Mpishi wao akiwepo, kula pale.

"Pwani ni tambarare, mazoezi ya nini?"

Hii ni ya wale waliopanda Mlima Kenya. Shimba Hills inapita mita 400 juu ya bahari, na njia ya maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa kilomita mbili hivi, inaanza kwa kuteremka. Kila mtu ni shujaa akiteremka. Maporomoko yanazidi mita 20, unaoga, unakula, halafu unapanda kilomita hizo hizo mchana, katika joto lenye unyevu ambalo mtu wa Nyeri halijui. Nenda asubuhi, na kila mmoja abebe maji lita mbili zake, si chupa moja ya familia. Huendi peke yako: unafuatana na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mwenye bunduki, kwa kuwa ndovu wa Shimba ni wengi na msitu ni mzito, mnaweza kukutana uso kwa uso. Askari akisema simameni, simameni, picha baadaye. Na langoni hawapokei pesa taslimu, malipo ni ya eCitizen, tovuti ya serikali, kwa hiyo lipa ukiwa bado Kwale mjini penye mtandao.