Kazi ya Mradi Haimbakizi Mtu Chuoni

Wiki hii amenijia kijana wa tatu mwenye ombi lile lile: yuko tayari kukusanya data katika mradi wangu wa utafiti, hata kwa posho ndogo, ili mradi utakapokwisha chuo kimbakize kama mwalimu. Ninaandika kwa sababu imani hii inawapotezea vijana wetu miaka.

Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania, mkufunzi msaidizi, yule tunayemwita TA (Tutorial Assistant), huajiriwa baada ya serikali kutoa kibali na nafasi kutangazwa, kwa kawaida kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Sharti la kawaida ni GPA, yaani wastani wa alama za masomo, isiyopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Kwa mhadhiri msaidizi, ngazi inayofuata, kwa kawaida hudaiwa GPA ya 4.0 katika shahada ya umahiri (masters), pamoja na ile 3.8 ya shahada ya kwanza. Kisha hufuata usaili.

Msaidizi wa utafiti yuko kwenye njia nyingine kabisa. Mshahara wake umo katika bajeti ya mfadhili, haumo katika ikama ya chuo, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na mkataba wake hufa pamoja na mradi. Mimi kama mtafiti mkuu naweza kumsifu kila siku mbele ya mkuu wa idara, lakini sina nafasi ya kumpa, na mkuu wa idara naye hana. Aliyeingia mradini na GPA ya 3.5, akafanya kazi kwa bidii miaka minne, atatoka na 3.5 yake. Ninakosa subira ninapomsikia mwenzangu akiwaachia wasaidizi wake waamini vinginevyo, maana tumaini hilo ndilo linalowafanya wakubali kufanya kazi bila mkataba.

Usije kwangu kuuliza kama utabakizwa. Uliza, kabla ya kutia saini, kama jina lako litakuwamo kwenye makala utakayochangia kuiandika, kama utaruhusiwa kutumia sehemu ya data kwa tasnifu yako, na kama bajeti ina fungu la kumsomesha mwanafunzi wa umahiri. Baadhi ya miradi huwa nalo, na wasaidizi wengi hawaulizi.

Nikiri pia kwamba sina hakika kama hiyo 3.8 inatuchagulia watafiti. Niliwahi kufanya kazi na binti mwenye 3.6 ambaye, siku ya pili tu uwandani, aligundua kwamba neno "kaya" katika hojaji yetu lilikuwa linatuharibia hesabu: baadhi ya akina mama walikuwa wanawahesabu watoto walioko shule za bweni, wengine wanawaacha. Sisi wenye shahada ya uzamivu (PhD) tulikuwa tumeipitia hojaji ile mara kadhaa bila kuliona. Tulisimamisha kazi, tukaliandika swali upya, tukarudi katika nyumba zote tulizokwisha kuzipita. Sasa anasoma umahiri kwa ufadhili wa mradi mwingine, na barua yangu ya mapendekezo ilimsaidia kuupata. Kwenye maombi ya TA, barua hiyo hiyo isingemvusha hata hatua ya kwanza.