Je, wajua? Piki haiondoi uzito wa gitaa la besi

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja kwa kila kijana aliyeshika gitaa la besi kisha akachomoa piki mfukoni: "Hiyo ni ya solo. Besi hupigwa kwa vidole." Akiuliza kwa nini, namwambia piki inakata besi: uzito wote unapotea, inabaki tikitiki tu. Nililisema hilo kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kulipima hata siku moja.

Kwa asiyeifahamu, piki ni kile kipande kidogo cha plastiki chenye pembe tatu butu, kinachobanwa kati ya gumba na kidole cha shahada ili kucharaza nyuzi. Haina undugu wowote na pikipiki.

Kilichonitia adabu ni kisu cha jikoni. Nilijikata kidole siku chache kabla ya mazoezi ya kwaya, ikabidi besi apewe kijana mmoja ambaye kwa kawaida hupiga solo. Naye, bila shaka, akaja na piki yake. Nikanyamaza, nikarekodi kwa simu. Kidole kilipopona nikapiga wimbo uleule kwa vidole, gitaa lilelile, spika ileile, tena simu nimeiweka kwenye kiti kilekile. Nilitaka ushahidi wa kumwonyesha. Nikawachezea wanakwaya rekodi zote mbili kwenye simu bila kuwaambia ipi ni ya nani. Dada mmoja wa sauti ya pili akasema, "Hii ya kwanza besi inasikika. Hii nyingine, mbona besi hamna?"

Hiyo nyingine ilikuwa yangu.

Imani yangu ilikuwa na makosa mawili yaliyoshikana. La kwanza ni kudhani kwamba sikio hutambua daima nani kashika piki na nani katumia vidole. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka dau la soda kwamba Steve Harris, mpiga besi wa Iron Maiden, bendi ya roki ya Uingereza, hupiga kwa piki, maana ile besi yake inakimbia kama farasi na kila noti ina mlio wa chuma. Nililipa soda. Harris hupiga kwa vidole, na juu ya hayo hutumia nyuzi za bapa, zile zilizozungushiwa utepe laini, ambazo kwa kawaida huwa na sauti ya upole. Ule mlio hutokana na nguvu: anazipiga nyuzi kiasi kwamba zinagonga vyuma vya shingoni mwa gitaa.

Upande wa pili yupo Carol Kaye, mpiga gitaa la jazi wa Los Angeles aliyehamia kwenye besi mwaka 1963, baada ya mpiga besi kutotokea studio siku ya kurekodi. Alitoka kwenye gitaa na piki yake, akaendelea nayo. Rekodi alizozipiga kwa waimbaji wa miaka ile zina besi nene, ya mviringo, ambayo ningeapa ni ya nyama ya kidole. Siri yake ilikuwa nyuzi za bapa na kipande cha felti, kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa, alichokilaza juu ya nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa.

Sasa mlinganishe na James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya kurekodi muziki ya Detroit, Marekani. Yeye alipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada, ambacho wenzake walikiita "Ndoano." Kaye amedai kwamba baadhi ya besi za Motown zinazohesabiwa kuwa za Jamerson alizipiga yeye, watu wa upande wa Motown wamelipinga dai hilo vikali. Mimi siwaamulii. Ninachokiona cha ajabu ni kwamba mmoja ni wa piki na mwingine wa kidole, na bado ugomvi huo umedumu miaka mingi. Kama tofauti ingekuwa wazi kama tulivyokuwa tukihubiri, mtu yeyote mwenye masikio angeumaliza kwa dakika tatu. Sisemi sauti zao ni zilezile. Wote wawili walikuwa na nyuzi za bapa, na Jamerson naye alikuwa na sponji iliyogusa nyuzi chini ya kifuniko cha daraja, kwa hiyo vitu vingine vilikuwa vimekwisha kuwasogeza karibu. Lakini jambo hilo lapaswa kumpunguzia mtu kiburi.

Kosa la pili ndilo kubwa: kwamba piki inaondoa kitu. Ili kuliona, tuuangalie uzi wenyewe.

Uzi wa gitaa la besi la kawaida, lile lenye vipimo vya besi ya 1951 ya Fender, kampuni ya Marekani ya kutengeneza magitaa, una urefu wa kama sentimita 86 unaotetemeka. Uzi mnene kuliko wote hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Lakini hautetemeki hivyo tu. Wakati huohuo unatetemeka kwa nusu mbili, mara 82. Kwa theluthi, mara 124 hivi. Kwa robo, mara 165. Na kuendelea juu, kila tabaka likiwa na vipande vifupi zaidi na sauti nyembamba zaidi. Unachokisikia kama noti moja ni ukoo mzima.

Nani huamua kila mwanafamilia apewe nguvu kiasi gani? Umbo la uzi pale unapouachia. Hapa mfano bora ninaoujua ni mkeka. Msukaji mwenye chane pana za ukindu anaweza kukutolea pambo la mawimbi mapana bila taabu. Mwambie akutolee pembe kali, kama ncha ya kisu, atakwambia chane hizi hazifai, nitafutie nyembamba. Kona iliyochongoka haisukiki kwa chane pana. Lazima ziingizwe nyembamba, na kadiri kona inavyozidi ukali ndivyo nyembamba zinavyohitajika nyingi zaidi.

Piki inaugusa uzi kwa ukingo wa milimita moja hivi. Unapouvuta, uzi unakunjika kama paa la nyumba, na kilele chake kina ncha. Ukiuachia, maumbile hayana njia nyingine ya kulisuka umbo lile ila kwa kutumia chane zote: pana, za wastani, na nyembamba kabisa. Ndizo hizo nyembamba tunazozisikia kama ule mng'ao na "tik" ya mwanzo.

Kidole kina nyama, na mahali kinapogusa pana upana wa sentimita moja hivi. Uzi unalala ndani ya nyama, na paa linakuwa kama mgongo wa jahazi lililopinduliwa ufukweni. Umbo la mviringo kama hilo linasukika vizuri kwa chane pana, na nyembamba hazina kazi kubwa ya kufanya. Mtetemo ambao kipande chake kimoja ni sentimita moja au mbili hauwezi kuanzishwa vizuri na kitu chenye upana huohuo. Tena kidole hakiachii ghafla: uzi huteleza juu ya ngozi, na kwa ule muda mfupi ngozi inazima mitetemo midogo iliyotaka kuamka. Sababu hizi mbili, upana na ulaini wa kuachia, hufanya kazi pamoja, na kwenye gitaa la kawaida ni vigumu kuzitenganisha. Mwenye kucha ndefu yuko mahali fulani katikati.

Ukitaka kuliona kwa macho, nenda kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ivute kwa ncha ya kijiti, kisha ivute kwa kiganja kizima, uangalie mkunjo.

Turudi sasa kwenye uzito. Zile chane pana, yaani mtetemo wa 41 na wa 82, zimo katika mikeka yote miwili. Ukivuta uzi umbali uleule, mahali palepale, mtetemo mkuu, ule wa 41, unapata karibu nguvu ileile, iwe kwa piki au kwa kidole. Piki haikuondoa chane pana hata moja. Imeongeza nyembamba.

Kwa nini basi sote tunaapa kwamba besi imepungua? Nadhani ni mambo matatu. Kwanza, ile "tik" ya mwanzo huruka juu sana, na fundi mitambo akiiona inagonga taa nyekundu anashusha sauti ya chombo kizima. Chane pana zimeshushwa pamoja na nyembamba, kwa kosa lisilo lao. Pili, mwenye piki mara nyingi hulaza kiganja karibu na daraja, na mkono unahamia huko. Mahali pa kuvutia ni jambo kubwa lenyewe: ukivuta uzi katikati kabisa, ule mtetemo wa nusu mbili haupati kitu, kwa kuwa katikati ndipo pasipotikisika kwake, ukisogea kuelekea daraja, mtetemo mkuu unapungua na midogo inapata sehemu kubwa ya karamu. Mtu akisikia besi nyepesi hulaumu piki, kumbe mkono umehama sentimita kumi. Tatu, piki nyembamba sana hujikunja kabla uzi haujavutika vya kutosha, na hapo kweli besi hupungua. Hilo nalikubali. Ila hapo kilichopungua ni umbali wa kuvuta. Shika nene uone.

Na yule dada wa sauti ya pili? Alikuwa anasikiliza kwenye simu. Spika ya simu ni ndogo mno kuweza kusukuma hewa ya mtetemo wa 41. Kwa simu, noti ile ya chini kabisa ni kama haipo, wala ndugu yake wa 82 hana bahati kubwa zaidi. Hata hivyo tunasikia besi kwenye simu, na tunaisikia kwa noti yake sahihi. Inawezekanaje?

Chukua nguzo za umeme zilizosimikwa kando ya barabara kwa umbali sawa. Nguzo ya kwanza na ya pili zimefichwa na mwembe. Unaiona ya tano, ya sita, ya saba na ya nane. Bila kutembea hata hatua moja unajua zile zilizofichwa ziko wapi, kwa sababu nafasi kati ya nguzo na nguzo haibadiliki. Sikio na ubongo hufanya hivyohivyo. Wakipokea mitetemo inayopishana kwa 41, 41, 41, wanahitimisha kwamba noti ni ya 41, wakati hakuna kilichotetemeka mara 41 ndani ya chumba. Si kisio langu hilo; ni jambo linalojulikana vizuri katika elimu ya usikivu.

Sasa ona kilichotokea. Rekodi ya kijana wa piki ilikuwa na nguzo nyingi zinazoonekana juu ya mwembe. Yangu ilikuwa na zile mbili tatu za mwanzo, nene na nzuri, zote zimefichwa na majani. Kwenye spika kubwa za ukumbini yangu ilijaza chumba. Kwenye simu ilitoweka. Yaani piki, kwa msikilizaji yule, ndiyo iliyoongeza besi.

Nisiuvuke mpaka. Ukumbi wenye mwangwi hubadilisha hesabu, nyuzi mpya hung'aa zenyewe hata kwa kidole, na besi ikishaingia chini ya ngoma na kinanda, sehemu kubwa ya tofauti hii humezwa.

Na ile hoja ya "asili"? Besi za mwanzo za Fender ziliwekewa kipande cha kushikilia vidole upande wa chini, wa nyuzi nyembamba. Wazo lilikuwa kwamba vidole vinne vikamate pale, gumba ndilo lipige. Hakuna piki, lakini hakuna pia vidole viwili vinavyopishana kama tunavyofundishana leo. Kipande hicho kilihamishiwa upande wa pili katikati ya miaka ya 1970, wapigaji walipokuwa wamekwisha kuamua wenyewe. Kwa hiyo anayedai kufuata njia ya asili ya gitaa la besi aanze kwa kukunja vidole na kutumia gumba.

Aliyekulia na taarabu ya Unguja ameziona njia zote mbili jukwaa moja. Udi hupigwa kwa kipigio chembamba ambacho Waarabu hukiita risha, maana yake unyoya, na zamani kilikuwa unyoya kweli. Kanuni, chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, hupigwa kwa vipigio vilivyobanwa kwa pete kwenye vidole vya shahada. Nyuma yao dabobesi, lile besi kubwa la kusimama, linavutwa kwa nyama ya kidole. Vyombo ni tofauti, kwa hiyo si ushahidi wa piki peke yake, lakini sijamsikia mtu akisema mpiga udi ameshindwa kutumia vidole.

Yule kijana aliniachia piki moja. Aliikata kwa mkasi kutoka kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda, tarakimu mbili bado zinasomeka. Wiki ya kwanza ilikuwa na "tik" kali hadi nikawa naifunika kwa kiganja. Sasa ukingo umelika, umekuwa mviringo, na sauti yake imeanza kufanana na ya kidole changu.